Firigisi ya Jaji

Firigisi nusura ibaki Sharjah. Mchinjaji wa soko la kuku alikwisha kuitupa ndooni pamoja na utumbo, na Fanuel, ambaye ni msimamizi wa walinzi na kazini hulipwa kwa kutopaza sauti, alipiga ukelele hadi wanunuzi wakageuka. "Arbab! Bosi! Ile ya ndani! Nipe ile ya ndani!" Mchinjaji alidhani anaitwa mwizi. Akaipindua ndoo nzima juu ya meza. Fanuel akachagua firigisi ya kuku wake, akaiosha, akaifunga peke yake, akavuka nayo hadi kwake Al Nahda, upande wa Dubai, akiwa ameishika mkononi kama pasipoti.

"Hii yote ya nini, Baba Ivy?" mkewe Dorah alimwuliza jikoni. "Supamaketi hapo chini wanauza firigisi pakiti nzima."

"Za kuku gani?"

"Za kuku, basi."

"Mgeni nimpe firigisi ya kuku asiyemwona mezani? Si afadhali nimtukane."

Dorah akaipokea firigisi. Kwao, magharibi ya Kenya, firigisi ni ya mwenye nyumba. Akimpa mgeni, amempa kiti chake. Mwanamke huipika, huinusa, haonjeshwi. Na mwanamume aliyeila kwako, hivi ndivyo Fanuel alivyolelewa akiamini, hawezi tena kukutendea ubaya kisha akatembea wima.

Lenny, aliyepanga chumba cha pili cha nyumba hiyo, alichungulia jikoni na kofia yake ya pikipiki kwapani. Kazi yake ilikuwa kupelekea watu chakula milangoni mwao, na njaa ilikuwa haimwishi.

"Buda, jaji akishamaliza, mimi mnitupie shingo."

"Wewe utakula ukiona mifupa imebaki," Fanuel alisema, na alikuwa akicheka. Tangu Dorah amletee habari ya mgeni huyo, alikuwa akicheka hovyo.

Mgeni mwenyewe alikuwa Jaji Nashon Lumwachi. Alianza kama wakili, akawa mwakilishi wa wadi yao, akawa spika wa bunge la kaunti, akagombea ugavana akaangushwa vibaya. Watu wakasema huyo kwisha. Halafu wakamwona kwenye televisheni, amevaa suti nyeusi, anahojiwa kwa kazi ya ujaji. Kamishna mmoja alimtazama juu ya miwani akamwuliza: "Bwana Lumwachi, wewe umekula katika kila nyumba ya kaunti yako. Watu hao utawahukumu vipi?" Akajibu, "Nitaacha kula." Ukumbi ulicheka. Kipande hicho cha video kilizunguka kwenye simu hadi Dubai, na Lenny alikuwa nacho bado.

Sasa alikuwa jaji wa mahakama ya ardhi, na mwezi uliokuwa ukija angetoa hukumu katika kesi aliyoifungua Agneta, mama yake Fanuel. Mfanyabiashara mmoja mwenye ghala la mahindi alishikilia kwamba marehemu baba yake Fanuel alimuuzia shamba lote kabla ya kufa, pamoja na pale alipokuja kuzikwa. Kwenye shamba hilo ndipo Agneta alipoishi, na pamoja naye aliishi Ivy, mtoto wao Fanuel na Dorah. Kesi ikienda upande mwingine, bibi na mjukuu wangetolewa barabarani.

Jaji alikuwa Dubai kwa ajili ya goti la mkewe. Dorah ndiye aliyekuwa akimsukuma mama huyo kwenye kiti cha magurudumu, katika kliniki ya Oud Metha alikofanya kazi ya kuwahudumia wagonjwa. Mama Roselyne alimpenda tangu siku ya kwanza. Akamfanya azungumze lugha ya nyumbani, akamwambia hata hilo goti linapoa likiisikia. Jaji, aliyekuwa amekaa kando na gazeti, alimwuliza Dorah, "Kwenu ni wapi, mwanangu?"

"Ng'ambo ya mto, Mheshimiwa. Kwa Mzee Wafubwa."

Ilikuwa kweli. Alizaliwa huko. Lakini mwanamke aliyeolewa akiulizwa kwao huanza na alikoolewa, na Dorah alilijua hilo vizuri alipolinyamazia. Siku ya pili Mama Roselyne akasema kwamba wakipata nafasi watakuja kumsalimia kwake. Dorah angeweza kusema nyumba ni ndogo. Alisema karibuni.

*

"Asijue mapema," Agneta alisema kwenye simu, na Fanuel akaiweka sauti juu ili mkewe asikie. "Aketi kwanza. Ale. Akishafuta mdomo ndipo mumwambie ni kwa Agneta."

"Ndivyo nilivyosema, mama."

"Huyo alikula kwangu wakati wa kura! Baba yako alimwachia firigisi, akaila hapo nje watu wote wakiona. Akaniahidi barabara, na barabara akaleta. Ni mtu wa kukumbuka tumbo lake lilikoshiba. Dorah yupo?"

"Nipo, mama."

"Usimwache aondoke bila kula. Umesikia? Hata akisema ameshiba."

"Nimesikia, mama."

Dorah alikwenda kuazima viti kwa Bi Kuruthum, Mzanzibari wa mlango wa pili aliyekaa Dubai tangu minara ya mtaa huo ikiwa mchanga mtupu. Bi Kuruthum alimpa viti, akampa na sinia ya shaba.

"Jaji mwenyewe? Khalas, chukua na mazulia. Lakini we mwana, mbona umenuna? Mgeni mkubwa ni heri."

"Sijanuna, bibi. Nimechoka."

"Uchovu hauko hivyo," alisema Bi Kuruthum, akafunga mlango.

Usiku ule Dorah alimwambia mumewe, "Tumwambie mlangoni. Akitaka aingie, asipotaka arudi."

"Halafu mama na Ivy walale wapi? Kwenye huo ukweli wako?"

"Kesi ni nzuri, Fanuel. Wakili amesema ni nzuri."

"Kesi nzuri ni ya mtu anayejulikana. Mama Ivy, mimi nimefungulia watu milango miaka mingi. Najua nani huingia bila kuulizwa."

*

Jaji Lumwachi alikuja Jumapili mchana, mkewe akiegemea magongo. Alikuwa mnene kuliko kwenye video, na mpole zaidi. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Lenny aliyekuwa ameapa hataonekana alionekana, tena na shati la kanisani.

"Karibu, Mheshimiwa Spika! Ai, pole. Jaji. Mheshimiwa Jaji."

"Niite Nashon," Jaji alisema akicheka. "Huku mimi si jaji. Mimi ni mume wa mgonjwa."

"Usiwaambie hivyo, watakutuma soda," mkewe alisema.

Nyumba ilichangamka. Fanuel alimkalisha kwenye kiti kikubwa, mgongo kwa ukuta, uso kwa mlango. Lenny hakujizuia. Alimwuliza kipi kitamu, siasa au mahakama.

Jaji alifikiri. "Nikiwa mwakilishi wa wadi nilikuwa nakunywa chai nyumba saba kabla ya saa nne. Ukiruka moja, umepoteza kura za ukoo. Nilikula hadi nikaugua jongo, daktari akanikataza nyama, na nyama nikaendelea kula, maana wapiga kura hawasomi cheti cha daktari."

Walicheka wote.

"Sasa je?" Lenny aliuliza.

"Sasa mtu akija nyumbani kwangu, askari anamwuliza anataka nini. Mjomba wangu alipokufa, nilikaa ndani ya gari mazishi yote, kwa sababu wapwa zake walikuwa na kesi kwangu. Nilimzika kupitia kioo. Pale kijijini wanasema Lumwachi amekuwa na maringo." Akanusa hewa kama mtoto. "Huyu ni kuku wa kienyeji. Roselyne, unasikia? Wamempata wapi?"

"Sharjah," Fanuel alisema, na kifua chake kikajaa.

Dorah alipitisha maji ya kunawa. Alimmiminia Jaji akiwa amepiga goti, na Jaji akamshukuru kwa jina la ubinti wake, "Ahsante, binti Wafubwa," kwa upendo kabisa. Kuku akaja juu ya sinia ya shaba, mzima, viungo vyote vimepangwa, ugali ukifuka moshi kando. Firigisi ilikuwa peke yake kwenye sahani ndogo, na Fanuel aliiweka mbele ya Jaji kwa mikono miwili. Jaji aliitazama, macho yakamlainika. Lenny akainua simu. "Ya kumbukumbu tu, Mheshimiwa!" Jaji alitabasamu, mikono yake yenye maji ikiwa juu ya sahani.

"Nitaomba mimi," alisema. "Lakini nitajieni vizuri jina la mwenye nyumba. Nataka nimtaje mbele za Mungu, yeye na waliomzaa."

"Fanuel, Mheshimiwa," Fanuel alisema. "Fanuel tu anatosha."

"Mungu ana Fanuel wengi. Mwana wa nani?"

Fanuel alimtazama mkewe, na macho yake yalikuwa yakiomba. Dorah aliona macho yote mengine yameshafumbwa. Lenny amefumba. Mama Roselyne amefumba, kidevu kifuani. Sala ilikuwa imefunguliwa, ikingoja jina.

"Ni mwana wa Agneta Naliaka," Dorah alisema. "Wa kesi ya shamba. Iko kwako, Mheshimiwa."

Jaji alifumbua macho. Hakupaza sauti. Aliisukuma sahani ndogo mbele kwa kidole, taratibu, kama mtu anayesogeza kikombe kisimwagike, akasimama.

"Roselyne, twende."

"Mheshimiwa, ni bahati tu imetukutanisha," Fanuel alisema.

"Mimi sikuuliza ameolewa wapi. Na nyinyi hamkusema. Hiyo si bahati."

"Ulikula kwa mama yangu! Firigisi ya baba yangu uliila!"

"Niliila. Wakati ule nilikuwa naomba kura. Mwombaji hula anachopewa." Alikuwa akitafuta kiatu chake kwa mguu. "Sasa mama yako ndiye anayeomba, na mimi siwezi."

"Basi kunywa hata maji. Maji tu. Usiondoke hivi nyumbani kwangu."

"Hata maji."

Fanuel alisimama mlangoni kwake mwenyewe kama anavyosimama kazini, wima, mikono nyuma, na watu wakampita. Dorah ndiye aliyewasindikiza hadi kwenye lifti. Mama Roselyne alikuwa akifuta machozi. Jaji alibonyeza kitufe mara mbili, akasema bila kumtazama, "Umenikosea, na umeniokoa. Sijui nikushike kwa lipi. Nitawaambia mawakili wa pande zote nilikoingia. Waambie wenzako."

Dorah aliporudi, Lenny alikuwa amekaa mbele ya sinia, hajui kama acheke. "Sasa hii?" aliuliza akionyesha ile sahani ndogo.

"Kula," Fanuel alisema. "Kula, ilaaniwe."

Lenny akaila.

*

Siku hiyohiyo Agneta alipiga simu. Dorah alikuwa akiosha sinia ya watu. Alimsikia mumewe akiitikia, sauti imekauka.

"Alikuja, mama... Ndiyo... Alikula." Alimgeuzia Dorah mgongo. "Na firigisi. Yote. Aliisifu."

Vigelegele vya Agneta vilisikika hadi kwenye bomba la maji.

"Kwa nini?" Dorah alimwuliza alipomaliza.

"Wewe umenivua nguo mbele ya mgeni. Unataka nimpigie mama nimwambie niko uchi?"

Hawakuzungumza siku nyingi baada ya hapo, isipokuwa mambo ya gesi na ya mtoto. Fanuel aliomba zamu za usiku. Kijijini, Agneta alizungumza badala yao wote. Alisema kanisani, alisema kisimani, alisema sokoni mbele ya ghala la mahindi lenyewe: "Jaji amekula kwa mwanangu Dubai! Tutaonana hukumuni!" Na Lenny, ambaye hakuwa na nia mbaya hata moja, alikuwa amekwisha kuibandika ile picha kwenye simu yake ulimwengu uione: Jaji akitabasamu, mikono juu ya firigisi. Aliandika chini yake, Jaji ndani ya nyumba.

Wiki ya hukumu Agneta alipiga tena, na safari hii hakupiga vigelegele. "Fanuel, mwenye ghala ana picha. Wanasema watamtoa Jaji. Wakili wangu anasema akitoka, kesi inaanza upya. Mwanangu, mimi nitakuwa hai hadi lini? Si ulisema akila yamekwisha?"

Simu ilipokatika, Dorah alisema, "Ni wewe tu unayeweza kusema."

"Kusema nini? Mbele ya kijiji kizima? Kwamba mgeni aliingia kwangu akakataa hata maji?"

"Ndiyo. Hilo hilo."

"Ningekuwa mtu bure ningesema haraka. Mimi nina jina kule."

"Jina lako linalala wapi, Baba Ivy? Si kwenye lile shamba?"

*

Siku ya hukumu waliweka simu mezani, ikaegemezwa kwenye kopo la sukari. Mahakama ilikuwa kule nyumbani Kenya, lakini mawakili walikuwa wameruhusiwa kuunganisha watu kwa mtandao. Fanuel alikuwa ametoka kazini, bado na sare. Dorah alikaa kando, pasipofikiwa na kamera. Kwenye kioo kidogo waliona benchi zimejaa: wazee, wanawake wa kanisa, mwenye ghala na koti lake. Agneta alikuwa mbele, kitambaa cheupe kichwani.

Jaji Lumwachi alianza kwa kusema mwenyewe. Aliingia katika nyumba fulani Dubai bila kujua ni ya mwana wa mdai. Alipojua aliondoka. Hakuonja kitu.

Wakili wa mwenye ghala akasimama. "Kwa heshima zote, Mheshimiwa Jaji. Mdai mwenyewe amesema sokoni, mbele ya watu, kwamba ulikula. Ametaja hadi firigisi. Na picha hii hapa."

Benchi zikavuma. Jaji alivua miwani. Alionekana kama mtu aliyerudishwa ghafla kwenye mkutano wa siasa.

"Siwezi kuwa jaji na shahidi wa tumbo langu," alisema. "Kama nilikula, najitoa leo. Nani mwingine alikuwapo?"

"Mwana wa mdai yuko kwenye mtandao," alisema wakili wa Agneta.

Wakamwapisha. Fanuel aliinua mkono wa kulia.

"Bwana Fanuel," wakili wa mwenye ghala alisema, "Jaji alikula nyumbani kwako?"

Agneta alikuwa akiitazama kamera kwa macho ya kumtia moyo. Alitikisa kichwa kidogo kuashiria hapana, kama mtu anayemkumbusha mtoto jibu la katekisimu.

"Hakula," Fanuel alisema.

"Sema kwa sauti."

"Hakula! Nilimwandalia kuku, akakataa. Nilimpa firigisi kwa mikono yangu miwili, akaisukuma. Nilimwomba anywe maji, akasema hata maji. Mama yangu nilimdanganya mimi. Niliona aibu."

"Kwenye picha firigisi iko mbele yake. Iliishia wapi?"

"Ililiwa na Lenny."

"Lenny ni nani? Afisa wa serikali?"

"Ni jirani yangu wa chumba. Hupeleka chakula kwa pikipiki."

"Yaani firigisi ya Jaji ililiwa na mtu wa bodaboda?"

Mahakama nzima iliangua kicheko. Wazee walijipiga mapaja, mwanamke mmoja wa kanisa akajifunika uso kwa leso. Fanuel hakuinamisha kichwa. Alikaa hivyo, anatazama mbele, anachekwa na kila mtu aliyewahi kumjua. Dorah alimshika mkono chini ya meza, naye hakuuondoa.

Jaji peke yake hakucheka. Alingoja kelele ziishe. Akamwuliza wakili kama bado anataka ajitoe. Wakili aliinama kwa mteja wake, wakanong'onezana. Mwenye ghala mwenyewe alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko. "Tunaliacha hilo, Mheshimiwa Jaji."

Kisha hukumu ikasomwa. Ilisomwa kwa Kiingereza, ndefu, kavu, na Fanuel aliifuata kama mtu anayefuata gari gizani. Alama ya kidole kwenye mkataba haikuwa ya marehemu. Mashahidi wa mauzo walipingana. Marehemu alisemekana kuweka kidole siku ambayo alikuwa amelazwa hospitalini, hajitambui. Shamba ni la mdai. Wakili wa Agneta ndiye aliyemgeukia mama akamwambia kwa Kiswahili, na benchi zikalipuka. Jaji alikuwa amekwisha kuinuka. Alipita mlango wa nyuma bila kumpa mtu mkono.

Simu ya Fanuel ililia baadaye kidogo. Vifijo vilisikika nyuma, lakini Agneta alikuwa amejitenga navyo.

"Mama, tumeshinda."

"Nimesikia. Nataka kukuuliza wewe."

Fanuel alifumba macho, akingoja kutukanwa. "Uliza, mama."

"Hakula kweli?"

"Hakula."

"Au umesema vile kwa ajili ya mahakama?"

"Hakula, mama. Muulize Dorah."

"Dorah?"

"Hakula, mama," Dorah alisema.

"Hata maji?"

"Hata maji."

Mahali fulani nyuma yake Ivy alikuwa akiita bibi, bibi.

"Basi shamba ni langu," Agneta alisema. "Mimi nilikuwa nikihofia tumelinunua."